Nani ameshika mizani ya kupima neno?

Kila mtu aliyekulia katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet anaijua mizani. Mchumaji huingia shambani umande ungali kwenye majani, akachuma majani mawili na kichipukizi, akajaza kikapu, kisha akajipanga pamoja na wenziwe kungoja zamu ya kupimiwa. Jasho la siku nzima hugeuka kuwa namba moja iandikwayo kitabuni. Anayeisoma namba hiyo si mchumaji mwenyewe. Ni yule aliyeishika mizani. Ndiyo maana wachumaji wakongwe, wasikiapo kwamba mwenzao amepunjwa, hawaulizi kwanza alichuma kilo ngapi. Huuliza ni nani aliyepima.

Nimelikumbuka swali hilo kwa sababu ya jambo moja lililonipata nikiwa mwalimu, jambo ambalo kwa miaka mingi sikumsimulia mtu.

Muhula wa kwanza wa mwaka wa 2016 nilikuwa mlezi wa chama cha wanahabari katika shule moja ya upili iliyozungukwa na chai pande zote. Tulikuwa na gazeti la ukutani: ubao mmoja nje ya maktaba ambapo wanafunzi walibandika mashairi, habari za michezo na malalamiko yao ya daima kuhusu maharagwe. Siku moja msichana wa kidato cha tatu aliniletea makala ya kurasa mbili za daftari. Aliandika juu ya mama yake, mchumaji wa chai, na juu ya nyapara ambaye, kwa maelezo yake, aliwapa kazi nyepesi wanawake waliomkubalia haja zake na kuwanyima kazi waliomkatalia. Alilitaja jina la nyapara huyo.

Niliyasoma makala yale mara mbili. Kisha nikamwambia, “Mwanangu, haya hatuwezi kuyabandika. Tutashtakiwa.” Akaitikia, “Sawa, mwalimu,” akarudi darasani. Nami nikayatia makala katika mtoto wa meza yangu, nikatia kufuli.

Ikapita miaka saba. Mnamo Februari 2023, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilitangaza filamu ya uchunguzi kuhusu mashamba ya chai ya Kericho ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yameendeshwa na kampuni mbili za Uingereza. Wanawake zaidi ya 70 waliwaeleza waandishi hao kwamba walidhulumiwa kimapenzi na wasimamizi wao wa kazi. Nchi nzima ilishtuka, na Bunge likaamuru uchunguzi ufanywe. Sisemi kwamba nyapara wa makala yale alikuwa mmoja wa waliotajwa. Shamba lenyewe silitaji na jina lake silijui zaidi ya nilivyolisoma siku ile. Ninalosema ni kwamba habari iliyoishangaza dunia ilikuwa imekwisha kufika mezani pangu, katika mwandiko wa mtoto wa shule, na mimi ndimi niliyeifungia.

Siku chache baadaye msichana yule, ambaye siku hizi naye ni mwalimu, alikuja kunijulia hali. Tulikunywa chai. Hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza tu, kwa adabu ileile ya darasani: “Mwalimu, siku ile uliogopa sheria gani?”

Sikuwa na jibu. Niliogopa sheria kama mtoto anavyoogopa giza, pasi na kujua kilichomo gizani. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa walimu na wanafunzi wengine ambao huenda siku moja watajikuta mbele ya ubao kama ule.

Sheria ya kwanza niliyopaswa kuitaja ilikuwa kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa kosa la jinai. Aliyepatikana na hatia aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Sheria hiyo hatukuitunga sisi. Tuliirithi kutoka kwa wakoloni, pamoja na ile ya uchochezi iliyowapeleka gerezani Wakenya wengi hadi ilipofutwa mwaka wa 1997. Ajabu ni kwamba Uingereza yenyewe iliamua kuifuta kashfa ya jinai kwa sheria ya mwaka wa 2009, wakati sisi tuliobakia na urithi tuliendelea kuutunza kama mali ya ukoo. Ilikuwa mpaka Februari 2017 ndipo Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba kifungu cha 194 kinakwenda kinyume cha Katiba. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: aliyechafuliwa jina ana njia ya kudai fidia katika mahakama ya madai, basi hapana haja ya kumtupa mtu gerezani kwa ajili ya maneno. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilikuwa imetangulia kwa njia hiyo Desemba 2014, ilipoihukumu Burkina Faso kwa kumfunga mwandishi Lohé Issa Konaté kwa kosa la kashfa.

Kwa hiyo hofu yangu ya mwaka wa 2016 haikuwa njozi. Sheria ilikuwapo. Lakini miezi kumi na moja hivi baadaye haikuwapo tena, na mimi sikulifungua kufuli. Hapo ndipo niligundua kwamba sheria mbaya hudumu ndani ya vichwa vyetu baada ya kufa vitabuni.

Sheria ya pili ni ya madai, nayo ndiyo inayonitisha zaidi kila ninapoisoma. Mwaka wa 1992, katika Sheria ya Kashfa, kiliingizwa kifungu cha 16A. Kifungu hicho kiliweka kiwango cha chini cha fidia: ukimsingizia mtu kosa ambalo adhabu yake ni kifo, fidia isipungue shilingi milioni moja, ukimsingizia kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha miaka mitatu au zaidi, isipungue shilingi 400,000. Sasa tazama, msomaji, jinsi jambo hilo linavyoiangukia nchi ya chai. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka wa 2006 inaadhibu ubakaji kwa kifungo kisichopungua miaka kumi. Basi gazeti dogo la mashinani litakaloandika kwamba nyapara fulani alimbaka mchumaji, kisha likashindwa kuithibitisha habari hiyo mahakamani, limeingia moja kwa moja katika ngazi ya shilingi 400,000 kwenda juu. Ushahidi wenyewe u wapi? U midomoni mwa wanawake wanaoogopa kufukuzwa kazi na nyumba ya kampuni wanamolala. Kadiri kosa linavyokuwa kubwa, ndivyo anayelifichua anavyotozwa zaidi. Sheria iliyokusudiwa kumlinda mtu mwema dhidi ya mzushi imeishia kumlinda mwovu dhidi ya shahidi.

Wala si magazeti madogo peke yake. Mwaka wa 2002 gazeti la The People liliamriwa kumlipa aliyekuwa waziri, Nicholas Biwott, shilingi milioni 20. Sina nia ya kuijadili haki ya kesi hiyo. Ninachouliza ni mhariri gani, aliyesikia kiasi hicho, ambaye hakuipitia upya kesho yake kila habari iliyomtaja mkubwa.

Nchi nyingine zimelitafutia tatizo hili dawa tofauti. Nchini Marekani, mwaka wa 1960, gazeti la New York Times lilichapisha tangazo la watetezi wa haki za watu weusi ambalo lilikuwa na makosa madogo madogo. Kamishna mmoja wa jiji la Montgomery, L. B. Sullivan, aliyesimamia polisi, alishtaki, na mahakama ya Alabama ikampa dola 500,000. Mwaka wa 1964 Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo. Ilisema kwamba mtumishi wa umma anayedai kuchafuliwa jina kwa habari za kazi yake lazima athibitishe kuwa mwandishi alijua anasema uongo, au hakujali kabisa kama ni kweli au uongo. Uingereza nayo, kwa sheria yake ya mwaka wa 2013, ilimtaka mdai aonyeshe kwanza kwamba jina lake limedhurika vibaya, na ikaweka kinga kwa habari zilizochapishwa kwa manufaa ya umma. Waingereza hawakwenda mbali kama Wamarekani, lakini wote wawili walikubaliana juu ya jambo moja: kosa la kweli linalofanywa na mwandishi mwaminifu lisitozwe bei ileile na uongo wa makusudi.

Najua kuna msomaji anayetikisa kichwa sasa hivi. Ananiambia: “Mwalimu, wewe umesahau mwaka wa 2008.” Sijausahau. Hakuna aliyeishi Kericho wakati ule aliyeusahau.

Kura za Desemba 2007 zilipogombaniwa, redio za lugha za mama zilikuwa zikisikika katika kila kibanda cha chai. Wafanyakazi wa jamii nyingine waliokuwa wameishi nasi miaka mingi waliyakimbia mashamba. Tarehe 31 Januari 2008, mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, alipouawa kwa risasi mjini Eldoret, ghasia zililipuka upya Kericho. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini kote, na ikazitaja baadhi ya redio za lugha za mama miongoni mwa waliochochea chuki. Mtangazaji Joshua arap Sang wa Kass FM alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Mnamo Aprili 2016 majaji, kwa wingi wa kura, waliifikisha kesi hiyo kikomo kwa kukosekana ushahidi wa kutosha, bila kumtia hatiani wala kutamka kwamba hana hatia. Na kabla yetu sisi, jirani zetu wa Rwanda walikuwa wameonja uchungu mkubwa zaidi mwaka wa 1994, redio ya RTLM ilipowaelekeza wauaji mahali pa kuwapata watu wa kuuawa.

Kwa hiyo sitaki mwanafunzi wangu atoke katika makala haya akidhani kwamba kila sheria inayougusa mdomo ni adui. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na papo hapo inasema kwamba uhuru huo haufiki kwenye propaganda za vita, uchochezi wa fujo, wala matamshi ya chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka wa 2008 iliweka adhabu ya faini hadi shilingi milioni moja au kifungo hadi miaka mitatu kwa anayeeneza chuki ya kikabila. Ujerumani, ambayo inajua vyema maneno yalivyoifikisha wapi, imeufanya uchochezi wa chuki dhidi ya jamii kuwa kosa la jinai, ilhali Marekani huyavumilia maneno mengi ya namna hiyo mpaka yafikie ukingo wa kuzusha fujo papo kwa papo. Nchi zote mbili ni za kidemokrasia. Zinatofautiana kwa sababu kila moja imeiandika sheria yake kwa jeraha lake.

Lakini kumbuka pia jambo la pili la siku zile. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Je, chuki ilinyamaza? Hata kidogo. Ilihamia katika ujumbe mfupi wa simu na katika minong'ono ya njiani, ambako hapakuwa na mhariri wa kuikagua wala mtangazaji wa kuikanusha. Adhabu ya kumpata mchochezi mmoja mmoja kwa jina lake na kwa maneno yake ni haki. Kuifunga midomo yote ili mmoja asiseme ni sawa na kuchoma shamba zima la chai kwa sababu ya kichaka kimoja chenye ugonjwa.

Na hata hivyo somo hilo halikushika. Januari 2018, Raila Odinga alipojiapisha katika bustani ya Uhuru Park, serikali ilizizima runinga za Citizen, NTV na KTN, na ingawa Mahakama Kuu iliamuru zifunguliwe, siku kadhaa zilipita kabla ya amri kutiiwa. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipokuwa barabarani, Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo viache kutangaza maandamano moja kwa moja. Mahakama iliisimamisha amri hiyo siku ileile. Mwenye kutaka kujua kama tumesonga mbele na alinganishe matukio hayo mawili. Mkono unaotaka kuzima haujabadilika. Kilichobadilika ni kasi ya mkono unaouzuia.

Jirani zetu nao wana ya kutufunza. Mwaka wa 1997, waandishi wawili wa gazeti la The Monitor la Uganda, Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, walishtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo, kwa kuwa waliandika juu ya dhahabu iliyodaiwa kutolewa na Laurent Kabila kuilipa Uganda. Walipigania haki yao hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka wa 2004 ilikifuta kifungu hicho na kueleza kwamba neno halipotezi ulinzi wa Katiba kwa sababu tu linadhaniwa kuwa la uongo. Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka wa 2016 ilipingwa katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo Machi 2019 iliona kwamba vifungu vyake kadhaa vinaukiuka mkataba wa jumuiya yetu. Magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa, Mawio, MwanaHalisi, Mseto na Tanzania Daima, yalirudishiwa leseni Februari 2022. Waliyarudisha kwa tangazo la waziri. Na kilichorudishwa kwa tangazo la waziri chaweza kuondolewa kwa tangazo la waziri mwingine. Tofauti ya ruhusa na haki ni hiyo.

Huku kwetu, aliyedhani kwamba mwaka wa 2017 ulimaliza kazi alijidanganya. Mlango wa kifungu cha 194 ulipofungwa, dirisha lilifunguliwa. Mwezi wa Mei 2018 ilitiwa sahihi Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Kifungu chake cha 23 kilimlenga anayechapisha kwa kujua habari za uongo zinazoweza, pamoja na mengine, kulishusha jina la mtu. Adhabu ilikuwa faini hadi shilingi milioni tano, au kifungo hadi miaka kumi, au vyote viwili. Kosa lililokuwa na miaka miwili likarudi na miaka kumi. Mahakama ilivisimamisha vifungu 26 vya sheria hiyo mwezi huohuo, ikaviidhinisha Februari 2020, na waliovipinga wakakata rufaa. Mwanafunzi na ajifunze kutokana na safari hiyo kwamba sheria za habari hazifutwi mara moja zikatoweka. Hubadilisha vazi.

Nimewaambia wanafunzi wangu kwamba kila waonapo mswada mpya unaogusa habari, wauulize maswali matatu, yote yakiwa yameegemea kifungu cha 24 cha Katiba kinachoeleza namna haki inavyoweza kuwekewa mipaka. Kwanza, je, kosa limeelezwa kwa maneno ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyaelewa kabla hajalitenda? Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno, kama Mahakama ya Juu ya India ilivyokifuta kifungu cha 66A cha nchi hiyo Machi 2015. Pili, je, adhabu inalingana na dhara, au imewekwa ili itishe? Tatu, na hili ndilo kubwa, ni nani atakayepima? Ni mahakama huru, au ni waziri, au ni mkubwa yuleyule aliyekosolewa?

Swali hilo la tatu linanirudisha kwenye ubao wangu wa ukutani. Kwa maana mwaka ule hapana waziri aliyepiga simu shuleni kwetu, wala polisi aliyebisha hodi. Mizani niliishika mimi. Nilipima neno la mtoto kwa upande mmoja na hofu yangu kwa upande wa pili, na sikujishughulisha hata kuuliza mwanasheria kama tungeweza kulichapisha bila jina, au kulipeleka kwa afisa wa kazi, au angalau kumwendea mama yule tumsikilize. Kulikuwa na njia nyingi baina ya kubandika na kufungia. Sikutafuta hata moja.

Walimu wenzangu, sisi ndio wahariri wa kwanza ambao watoto hawa hukutana nao. Tukiwafunza kwamba mwandishi hodari ni yule anayethibitisha kabla ya kutamka, tutakuwa tumewapa kinga bora kuliko sheria yoyote. Tukiwafunza kwamba mwandishi mwema ni yule asiyetamka, tutakuwa tumewafanyia kazi wale wanaowadhulumu mama zao.

Siku ile alipokuja, kabla hajaondoka, nilikifungua kile kifuli nikamrudishia kurasa zake mbili. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi. Alizisoma akiwa amesimama mlangoni, akatabasamu mahali fulani, nadhani kwa kosa la kisarufi. Nilimwomba radhi. Akaniambia, “Mwalimu, mama bado yupo. Bado anachuma.”

Kisha akazikunja kurasa, akazitia mkobani, akateremka njia ya shambani kwenda kumwona.